Wakaao Darini: Leicester na Makupa

Aliyelelewa Makupa, mtaa wa Mombasa, katika nyumba ya mabati yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, hujua tangu utotoni kwamba nafasi iliyo baina ya dari na paa ina wakazi wake: panya hupita usiku wa manane, popo hutoka magharibi, na mchana kunguru hutembea juu ya bati kwa kishindo. Nilipohamia Leicester, Uingereza, nikakuta kwamba huko nako darini hakukosi wakazi, ila mkazi ni mwingine, naye hutambulikana kwa saa ya kishindo chake. Kwani panya huamka watu walalapo, ilhali kindi hulala usiku na kuanza mbio zake juu ya vichwa vya watu alfajiri.

Kwetu pwani kindi ni mnyama wa msituni, wa Arabuko-Sokoke na miti mikubwa ya mashamba, wala hana haja na nyumba ya mtu. Kindi wa kijivu wa Uingereza ana historia nyingine. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1876 aliachiliwa katika bustani ya Henbury, Cheshire, kwa ajili ya pambo, akazaana na kuenea hata akamwondoa kindi mwekundu wa asili katika sehemu kubwa ya England na Wales. Majira ya baridi hutafuta joto, na joto la nyumba hupanda juu. Basi huguguna mbao za upenu mpaka zikapata tundu la kumtosha, akaingia, akafumua sufi ya kioo iliyotandazwa darini kuzuia baridi na kuifanya kiota. Maadamu meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, hana budi kutafuna, na miongoni mwa atafunavyo ni nyaya za umeme, jambo ambalo hugeuza adha ya kelele kuwa hatari ya moto.

Hapo ndipo khitilafu ya nchi mbili inapodhihirika. Uingereza ina sheria juu ya kila mkazi wa darini. Sheria ya mwaka 1981 ya wanyama wa porini na mashamba inakataza kumwachilia kindi wa kijivu aliyekwisha kukamatwa. Anayemtega, kwa hiyo, amekwisha kumhukumu kifo, na sharti amuue bila kumtesa. Popo, kinyume chake, wote wamehifadhiwa, hata kuziba makao yao wakati hawamo ni kosa la jinai. Kwa sababu hiyo fundi mwenye hadhari haanzi na mtego. Hupanda darini na taa, akachungua mavi na manyoya ili ajue ni hayawani gani aliyemo, akatafuta njia zote za kuingilia, akaziziba kwa wavu wa chuma isipokuwa moja; na katika hiyo moja hutia kilango kinachofunguka kwa nje tu, ili kindi akitoka kutafuta chakula asiweze kurudi. Hufanya hivyo baada ya kuhakikisha kwamba hakuna watoto. Jike huzaa mwanzoni mwa mwaka na tena wakati wa kiangazi, na vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu, vikanyonya kwa wiki nyingi; aliyemfungia mama nje katika majira hayo amevihukumu vife njaa juu ya dari yake, na mama naye atararua mbao kwa kuvitafuta.

Makupa tunaanza na sumu. Mchuuzi hupita na kipaza sauti akinadi dawa ya panya, ya mende na ya kunguni, mtu hununua, hutia darini, na akalala akidhani kazi imekwisha. Aghalabu panya aliyekula sumu hafi palepale; hufa siku za baadaye, ndani ya pembe isiyofikika, nyumba ikanuka muda mrefu, au hutoka akiyumbayumba akaliwa na paka, na paka akafa pia, hali yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mtaa mzima. Na tundu alimoingilia panya wa kwanza li wazi vilevile, likimngoja wa pili.

Sisemi kwamba watu wetu ni wazembe. Mianya iliyo chini ya mabati huachwa kwa makusudi, kwani bila upepo chumba cha bati hakilaliki mwezi wa Februari. Fauka ya hayo, Mombasa ina milki ya namna yake, nyumba bila ardhi, ambayo kwayo mwenye nyumba si mwenye kiwanja, na wakaao vyumbani aghalabu si mmoja wa hao wawili. Mpangaji huona upenu ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba asiye na hakika na kiwanja husita kutia mali yake katika paa. Panya hunufaika na shauri hilo kuliko wote.

Lakini kuna jambo moja ambalo Leicester wangepaswa kulijia Makupa. Nyumba za zamani za huko zimeungana safu nzima, na katika baadhi yake ukuta wa baina ya jirani na jirani haufiki mpaka paani, hata kindi aliyefukuzwa nyumba moja huhamia ya pili bila kutoka nje. Juu ya hayo kila mtu humwita fundi wake peke yake, na jirani hupata habari asikiapo mikwaruzo juu ya kitanda chake mwenyewe. Makupa habari ya panya hufika nyumba ya tatu kabla ya isha. Akina mama husemezana uani, wakaafikiana siku, nyumba zote zikatoa vyombo na kufagia darini kwa pamoja.

Ama kuhusu kuua, dini yetu haikutuacha gizani. Panya na kunguru wamo katika wale watano ambao hadithi imeruhusu kuuawa kwa madhara yao. Lakini ni Mtume huyohuyo, rehema na amani zimshukie, aliyeamuru safarini kwamba ndege aliyechukuliwa makinda yake arudishiwe. Ruhusa ya kuondoa madhara si ruhusa ya kutesa, na mimi naona kilango cha fundi wa Leicester kiko karibu zaidi na mafunzo hayo kuliko sumu yetu.

Kunguru hawa wetu nao, kama kindi wa kijivu, waliletwa na binadamu, Zanzibar katika miaka ya 1890, ili wale taka; Mombasa walionekana mwaka 1947, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kwa sumu. Lakini ni kama tundu la panya lisilozibwa: taka zikibaki wazi, watakaosalia watazaana upya.

Basi ndugu zangu mlio ughaibuni, ambao kila mwaka mnapeleka fedha nyumbani za kubadili mabati, ongezeni kidogo ya wavu wa chuma wenye matundu madogo sana, upigiliwe upenuni mzunguko mzima, upepo upite na panya asipite. Mwambieni fundi achungue viota kabla ya kuziba. Na kabla hajapanda ngazi, zungumzeni na jirani wa kulia na wa kushoto, wavu uendelee mpaka kwao.