Gofu Inataka Watoto Wanne, Sisi Bado Tunatafuta Mmoja

Wasee, usipite hii post juu umeona neno gofu. Najua. Ukitaja gofu hapa Nairobi, watu wanaona buda mwenye kitambi na kofia nyeupe, na nyuma yake kijana amebeba mfuko mzito. Leo naongelea watoto wa chini ya miaka 18, na hesabu moja ambayo imekataa kutoka kwa kichwa yangu.

Kuna mashindano yanaitwa Toyota Junior Golf World Cup. Yalianza 1992, na huchezwa Japani katika mji wa Toyota. Ndio, mji. Zamani uliitwa Koromo, ukabadilishwa jina 1959 ili ufuate kampuni ya magari. Huwezi kujipeleka huko. Timu hufuzu kupitia mashindano ya bara lake, na ukiuliza kuhusu Afrika, jina utakalosikia sana ni Afrika Kusini. Hideki Matsuyama, yule Mjapani aliyeshinda Masters 2021, alipitia hapo akiwa mdogo.

Sasa skiza vile wanahesabu. Timu ya wavulana ina wachezaji wanne. Wanacheza siku nne, mashimo 18 kila siku. Jioni, matokeo ya watatu bora ndiyo yanajumlishwa, ya wa nne yanatupwa. Timu ya wasichana ina watatu na wanahesabiwa wawili. (Wasichana waliongezwa 2014, miaka 22 baada ya wavulana. Hiyo naacha hapo tu, mtajaza wenyewe.)

Kumbuka kwa gofu mikwaju michache ndiyo mizuri. Chukua timu ya watoto wa kawaida tu, wenye bidii: mmoja amepiga 71, mwingine 73, mwingine 74. Jumla 218. Halafu leta timu yenye mastaa wawili moto kabisa, 66 na 67, lakini wale wengine wawili wameokotwa tu ndio idadi itimie, na aliye afadhali kati yao amepiga 85. Jumla? 218. Sawa sawa. Mastaa wawili wa kutisha, na hawajawashinda wale wa kawaida hata kwa mkwaju mmoja.

Hapo ndipo niliona shida yetu. Sisi Wakenya tunapenda sana hadithi ya mtoto mmoja. Mtoto wa kedi aliyejifunza na fimbo iliyovunjika, anaitwa kwa TV, mwanasiasa anapiga naye picha, tunapost bendera. Na mimi hupost pia, ni poa. Lakini kwa haya mashindano, mtoto mmoja hata awe nani, hana timu. Hata wawili, umeona hesabu. Unahitaji watatu wazuri, na wa nne mzuri pia, kwa sababu asubuhi hakuna anayejua ni nani ataamka vibaya. Leo matokeo yako yanatupwa, kesho ni wewe unabeba wenzako.

Cha kuudhi ni kwamba hii hesabu tunaijua kuliko mtu yeyote. Mbio za nyika pia zina ubingwa wa timu, unajumlisha nafasi za wakimbiaji kadhaa. Wanaume wa Kenya walishinda taji la timu la dunia mara 18 mfululizo, kutoka 1986 mpaka 2003. Mara kumi na nane, manze! Na si kwa sababu mbio zote walikuwa na mtu nambari moja. Ni juu mkimbiaji wa tano wetu angekuwa wa kwanza kwao. Barabara ya vumbi haina geti. Hakuna mtu anakuuliza babako ni mwanachama wa wapi ndio ukimbie.

Gofu ina geti.

Binamu yangu ana miaka 15. Mjomba wetu ni kedi, na huko anakobeba mifuko wanaachiwa uwanja wacheze Jumatatu. Lakini Jumatatu ni shule, kwa hivyo binamu hucheza likizo ikifika, na hata hapo ni kama mlinzi ako na roho safi siku hiyo. Siku zingine anapiga mipira mizee kwa kiwanja cha kanisa na fimbo moja, ile ya namba saba. Moja kwa kila kitu. Mwaka jana alitaka kuingia kwa mchujo wa vijana. Akaulizwa hendikapu yake ni ngapi. Hendikapu ni ile namba inayoonyesha kiwango chako, na unaipata kupitia klabu. Akaenda klabu, akaambiwa arudi na mzazi ambaye ni mwanachama. Mamake huuza mboga. Si eti alicheza vibaya akaachwa nje. Hakuna mahali matokeo yake yaliandikwa.

Na nyinyi mnaosema "gofu ni ya matajiri, waachie wao", nawaelewa, lakini angalia ramani. Royal Nairobi Golf Club imepakana na Kibera. Kuna watoto wanaamka wakiona nyasi ile kila siku. Dismas Indiza, mmoja wa maprofeshono wetu wakubwa, alianzia ukedi huko Mumias. Kipaji kiko nje ya ukuta, na wenye uwanja wanajua, juu wanakilipa kibebe mifuko.

Siombi klabu ibomoe ukuta. Wanachama wamelipa, sawa. Naomba masaa mawili Jumamosi jioni, mipira ya kuazima, na mtu wa kuandika matokeo ndio mtoto apate hendikapu. Klabu ikishika watoto ishirini hivyo, ukipata wanne wa maana hapo hujapoteza kitu.

Kama unajua klabu yoyote inayopokea watoto ambao wazazi wao si wanachama, niandikie hapo chini: siku gani, pesa ngapi, na kama wana fimbo za kuazima. Nauliza kwa niaba ya binamu yangu, jirani zake wawili, na dadake mdogo ambaye, kusema ukweli, anapiga mpira mbali kuliko wao wote.