Likizo za Mtu Asiyeweza Kurudi Nyumbani

Kwa miaka minne sikuweza kutoka Marekani. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa kwenye meza ya mtu fulani nisiyemjua, na wakili alishanionya: ukipanda ndege kwenda Mombasa sasa, usitegemee kurudi. Naishi Jacksonville, Florida. Wenzangu kazini walipokuwa wakihesabu siku za kwenda kwao, mimi nilikuwa na gari kuukuu, hema la watu wawili, na barabara ya kusini inayonifikisha St. Augustine kwa chini ya saa moja. Basi nikawa naenda huko kila msimu. Mji ule na hifadhi za jimbo zilizo kando yake ndizo zikawa likizo zangu.

Niseme kwanza hizi hifadhi ni nini, maana msomaji wa kwetu akisikia "hifadhi" anawaza Tsavo. Marekani kuna hifadhi za taifa, halafu kila jimbo lina zake, nyingi zikiwa ndogo. Usitarajie simba. Utakuta ufuo, mialoni yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, njia za kutembea, uwanja wa kupigia mahema, na kibanda cha kulipia getini. Hifadhi ya Anastasia, iliyo kisiwani ng'ambo ya daraja la mjini, nilikuwa nalipa dola 8 kwa gari zima. Kwa mtu anayemlipa wakili kila mwezi, hiyo ni likizo inayowezekana.

Desemba ndiyo ilinivuta mwanzo. Mji mzima huwashwa taa ndogo nyeupe, madirishani, kwenye mitende, mpaka kwenye boti. Watalii hujaa barabarani kama bamvua. Nami nikajitenga nao kidogo, nikaenda kusimama chini ya ukuta wa Castillo de San Marcos, ngome ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1672 na kuimaliza 1695. Niliweka kiganja ukutani nikashtuka. Jiwe lilikuwa limejaa makombe. Wenyewe huliita kokina: vipande vya kombe vilivyogandamana kwa karne na karne mpaka vikawa mwamba. Chokaa ya kuliunganishia ilitokana na maganda ya chaza yaliyochomwa tanuuni. Sasa mtoto wa Mombasa, aliyekulia kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ungemwambia nini zaidi? Harufu yenyewe ya unyevu ilikuwa ni ile ya ukumbi wa bibi yangu Mji wa Kale.

Kesho yake, kule Anastasia, nikayaona mashimo lilikochimbwa jiwe lenyewe. Yamo ndani ya hifadhi, hatua chache kutoka barabarani. Wenyeji wa asili, wafungwa na watumwa walilikata, likavutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, likavushwa kwa maji hadi mjini. Jiwe ni laini kiasi kwamba Waingereza walipoishambulia ngome mwaka 1740, ukuta haukupasuka. Mizinga ilipiga, risasi zikazama ndani kama kidole kwenye unga uliokandwa.

Usiku ule hemani nilikuwa nasoma tarehe kwa tochi, nikakutana na jambo ambalo sikuwahi kufundishwa. St. Augustine ilianzishwa mwaka 1565 chini ya mfalme wa Hispania, Felipe wa Pili. Mwaka 1580 mfalme huyohuyo alitwaa na kiti cha Ureno. Kwa hiyo Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwenye mwamba wetu pale Mombasa, walikuwa raia wake. Miji miwili, bahari mbili, mtu mmoja aliyeketi Hispania akitia saini. Nilicheka peke yangu. Nilidhani nimekwenda mbali na nyumbani, kumbe nimeingia mlango wa pili wa nyumba ileile.

Masika yake, mwezi wa tatu, nikaenda Fort Mose. Nayo ni hifadhi ya jimbo, kama maili mbili kaskazini mwa mji, lakini watalii wengi wa taa za Desemba hawaifiki. Unatembea kwenye daraja la mbao juu ya kinamasi cha maji ya chumvi, unasimama mwisho wake, unatazama kisiwa kidogo chenye miti. Hapo ndipo palikuwa na makazi ya watu weusi huru.

Habari yake ni hii. Mwaka 1687 wanaume wanane, wanawake wawili na mtoto mchanga walitoroka utumwani Carolina, wakaja kwa mashua hadi St. Augustine. Mwaka 1693 mfalme wa Hispania alitangaza kwamba watoro wa namna hiyo, wakikubali dini ya Kikatoliki, watakuwa huru. Mwaka 1738 gavana akawapa mahali pao pa kuishi na kuulinda mji: Gracia Real de Santa Teresa de Mose. Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka aliyezaliwa Afrika Magharibi. Kilichonikaa moyoni ni kwamba Menéndez alifika St. Augustine tangazo la mfalme likiwa limeshatoka zamani, na bado akauzwa tena. Sheria ilikuwepo, watu wa ofisini hawakuitekeleza. Akaandika maombi, akaandika tena, miaka ikapita, ndipo akapewa uhuru aliokuwa nao tayari kwenye karatasi.

Mimi si mtumwa, na sitaki kujifananisha na mtu aliyeuzwa. Lakini mtu anayeamka asubuhi na kufungua sanduku la barua kabla hajanywa chai anaielewa sehemu moja ya maisha ya Menéndez. Na mwisho wa Mose unauma: mwaka 1763 Hispania iliiachia Uingereza Florida, na watu wale wakapanda merikebu kwenda Cuba, kuanza upya. Wafalme walibadilishana ardhi mezani, na uhuru wa watu ukalazimika kufungasha virago.

Babangu alifariki mwezi wa saba, mwaka wangu wa tatu wa kusubiri. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri, kama ilivyo ada yetu, kwa hiyo hata ningekuwa na karatasi zote duniani nisingewahi. Hilo watu walinieleza sana kunifariji. Halikunifariji. Jirani yangu Mkongo, mama wa makamo kutoka Bukavu, aliniletea ugali na sombe, akakaa nami kimya, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mutu wa maji. Nenda kwa maji."

Nikaenda. Nilipita Anastasia nikashuka hadi Butler Beach, kusini zaidi kwenye kisiwa hichohicho. Ufuo huu unabeba jina la Frank Butler, mfanyabiashara mweusi aliyenunua ardhi hapa miaka ya 1920 kwa kuwa watu weusi hawakuruhusiwa kuoga kwenye fuo nyingine. Juni 1964 watu weusi na wazungu waliowaunga mkono waliingia baharini pamoja kwenye ufuo wa wazungu, wakapigwa ndani ya maji. Mwezi huohuo, katika hoteli ya Monson mjini, meneja alimwaga tindikali kwenye bwawa waandamanaji wakiwa wanaogelea. Martin Luther King alikuwa amekamatwa kwenye ngazi za hoteli hiyo siku chache kabla. Tarehe 2 Julai Rais Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kiraia.

Nilikaa mchangani nikamkumbuka babangu akibishana na askari wa hoteli moja kaskazini mwa Mombasa. Nilikuwa na miaka tisa. Askari alisema ufuo ni wa wageni. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimjibu kwa upole, "Kijana wangu, maji yakipwa hapa ni pa nani?" Kisha akavua viatu, akanishika mkono, tukapita. Katiba ya 2010 imeandika wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Baba alikuwa anaijua kabla haijaandikwa.

Majira yale kasa huwa wanapanda kutaga, na kwenye fuo hizi viota huwekewa alama mtu asivikanyage. Kasa jike hurudi kutaga karibu na pwani alikozaliwa. Waandishi wa ughaibuni tunaupenda sana mfano huo, nami nauacha. Kasa haombi viza.

Karatasi zilikuja mwaka uliofuata. Nimekwenda Mombasa, nimesimama kaburini, nimekula samaki wa mamangu. Aliniuliza, "Na likizo nyingine sasa waenda huko huko kwenye makombe?" Nikamwambia naam. Akashangaa: kwani si nilikuwa naenda kwa kukosa pa kwenda?

Ndivyo ilivyoanza, mama. Lakini mahali ulipolilia mtu pakawa na mchanga wenye jina lake kwako, si mahali pa muda tena. Ukija Florida, msomaji, anzia Fort Mose asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mji na taa zake utavikuta palepale jioni.