Hesabu ya Walioachwa Njiani

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amelelewa katika jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mwaka wa 2022 aliniletea kijitabu cha chuo kikuu kimoja, akaniandikia: "Mjomba, wewe ni mwalimu, nipimie." Chuo hicho kilijisifu kuwa katika kila watu kumi kilichowatayarisha kwa udaktari, tisa walipokewa katika vyuo vya tiba. Sifa hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa katika Marekani nzima waombaji wanaopokewa mwaka mmoja katika vyuo vya shahada ya M.D. hawafiki nusu.

Huko mwanafunzi haingii chuo cha tiba mara atokapo shule ya sekondari, kama wafanyavyo wenzake wa Muhimbili. Kwa kawaida husoma kwanza miaka minne ya shahada nyingine, na ndani yake hujifunza elimu ya viumbe, kemia na fizikia, kisha hukabili mtihani mkuu wa kuingilia. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya mwaka wa 1910, Abraham Flexner alipotoa taarifa yake juu ya vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada. Flexner hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa shule. Jambo hilo lilinipa moyo. Hakutegemea vijitabu. Alikwenda mwenyewe akatazama maabara, akauliza habari za fedha, akachungua wanafunzi waliingia na elimu gani.

Mimi sikuweza kusafiri, naliandika barua. Naliuliza swali moja tu: walioanza mwaka wa kwanza kwa nia ya udaktari walikuwa wangapi? Jibu lilikuja na adabu nyingi, bila hesabu. Walakini lilieleza utaratibu, nami nikafahamu. Wengi huachia njia katika kemia, hasa kemia ya kaboni ya mwaka wa pili. Waliosalia hupita mbele ya kamati iandikayo barua za kuwadhamini; mwenye alama haba hunyimwa barua, na pasipo barua ombi lake huwa dhaifu. Wale tisa katika kumi ni hesabu ya waliobaki baada ya mchujo huo. Ni kama mtu apetaye mchele akamwaga chenga zote, kisha akajisifu kuwa shamba lake halina chenga.

Sisemi kuchuja ni kosa. Mgonjwa ana haki ya kupata daktari aliyesoma akaelewa. Lakini kinachochujwa hapa mara nyingi si akili ya mtu bali shule aliyotoka, na shule ya mpwa wangu haikuwa na maabara ya kutosha. Chuo kimfundishacho aliyeanza nyuma hata akawafikia wenzake, na chuo kimtoacho asije akaharibu hesabu, vyaweza kuchapa kijitabu kimoja.

Chuo kingine, kidogo, kilijibu swali langu kwa idadi kamili: walioanza, walioacha, waliopokewa. Hazikuwa idadi za kujivunia. Kilieleza pia saa za jioni ambazo walimu hukaa na wale wanaochechemea katika kemia. Mpwa wangu alikwenda huko. Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi. Kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa kemia ya kaboni.