Wiki ya usaili

Jumatatu, 3 Februari 2025, Gulwe
Mvua tangu alfajiri. Meza nimeisogeza dirishani, ndipo simu inaposhika mtandao. Kesho tunaanza usaili wa waandishi wa programu, kwa njia ya mtandao, na bado hatujaelewana. Mwenzangu wa Dar anataka kila msailiwa aandike msimbo palepale, kamera imewashwa, sisi tumemkodolea macho. Sitaki. Nimemtumia ule utafiti wa 2020, wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft: wanafunzi 48, na waliotazamwa wakifanya swali matokeo yao yalishuka kwa zaidi ya nusu. Ameusoma. Kimya.

Jumanne, 4
Kijana wa UDOM. Mtulivu, anauliza kwanza ndipo aguse kibodi. Mara sauti ikapotea. Akarudi kwa bando la simu: "Samahani dada, umeme umekatika." Akazima kamera ili walau sauti ipite. Mwenzangu akaandika: hajajiandaa. Hajajiandaa! Kwa umeme? Chai imepoa mezani, hasira haijapoa.

Usiku. Mto Kinyasungwe ukifurika na kuzoa reli ya zamani, huku Kilosa hadi Gulwe, nani amewahi kumnyima dereva wa treni leseni? Nimemwandikia hivyo hivyo.

Jumatano, 5
Amekubali! Si yote, ila mengi. Maswali yale yale kwa wote. Kila mmoja wetu anaweka alama zake kabla ya kuona za mwenzake. Msailiwa anapewa programu ndogo yenye hitilafu, anakaa nayo kwa muda wa saa mbili peke yake, kisha anatueleza alichobadilisha na kwa nini. Kwa Kiswahili akipenda. Kamera hiari. Mtandao ukikatika, muda unasimama.
Anahofia ChatGPT itawafanyia kazi. Hofu ya haki, hata mimi ninayo. Lakini mwambie mtu abadilishe sharti moja papo hapo, utajua kama kazi ni yake.

Alhamisi, 6
Kijana amerudi. Hitilafu yenyewe: mteja akibonyeza "lipa" mara ya pili mtandao ukisuasua, pesa inakatwa mara mbili. Ameiona upesi. Kila ombi amelipatia namba yake, likijirudia linakataliwa. Nikambadilishia sharti, akanyamaza kidogo, akalieleza hatua kwa hatua. Hata mwenzangu alikuwa anaitikia "ee, ee". Alama zetu zimekaribiana sana. Nimefurahi jamani!
Kesho msichana wa Mwanza. Nimemtumia ujumbe kumwuliza ni saa ngapi umeme wa kwao huwa wa uhakika, tupange hapo.