Kung'arisha Kinywa cha Klarineti

Klarineti ni ala yenye weusi wa namna mbili. Kiwiliwili chake aghalabu ni mpingo, mti uotao katika nchi za Kilwa na Lindi. Kinywa chake aghalabu ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa hata ukawa mgumu kama pembe. Vikiwa vipya, vyote viwili ni vyeusi. Miaka ikipita, mpingo hudumu katika weusi wake, lakini kinywa hugeuka rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na kijani.

Hapa Burnt Forest, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, asubuhi ni za baridi. Pumzi ya mpigaji hukutana na ubaridi wa ala ikageuka maji, na maji hayo hukaa kinywani pamoja na mate. Kisha mtu hukianika kinywa juani ili kikauke. Unyevu na mwanga vikishirikiana, huitoa salfa ikaja juu, na uso wa kinywa hufifia. Adui wa mng'ao, basi, hakutoka mbali.

Nisafishapo kinywa changu, kwanza huondoa ulimi wa tete. Hukiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto huzidisha rangi mbaya na huweza kukipinda. Ukoga mweupe ulioganda huulainisha kwa siki iliyozimuliwa. Rangi ikisalia, husugua upande wa nje kwa msasa laini kabisa uliolowa maji, kisha hupangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya zeituni. Weusi hurudi pole pole.

Lakini mkono una mpaka wake. Bapa unapolala ulimi, na kingo zielekeazo ncha, sizigusi kwa msasa. Hapo upungufu wa unene wa unywele hutosha kuipoteza sauti. Nimepata kuona kinywa kilichosuguliwa kote kikang'aa kama kioo, nacho kilipopulizwa kilikwaruza tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Katika bendi ya shule, kinywa kimoja huweza kupita midomo mingi. Kukiosha, kwa hiyo, ni haki ya yule atakayekipokea baada yako. Kuking'arisha ni hisani tu. Na sauti yake ni amana. Ikiwa hisani itaidhuru amana, heri kinywa kibaki na rangi yake ya uzee, kiwe safi, na kiimbe.