Nyumba za Ndege katika Mtaa wa Jamhuri

Wahenga walisema ya kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Maneno hayo ni ya kweli, lakini si kila ndege ajengaye nyumba yake mwenyewe. Wako mafundi, kama mnana afumaye kiota chake kwa majani mfano wa mtu asukaye kikapu; na wako wapangaji, ambao hungoja nyumba iliyoachwa na wengine. Mtu akaaye katika mtaa wa Jamhuri, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, aweza kuwaona wa namna zote mbili pasipo kutoka nje ya lango lake, iwapo atazoea kuinua macho.

Alfajiri huamshwa na kwarara, wapitao juu ya mapaa wakipiga kelele kama watu wenye ugomvi. Jua likipanda, mwewe huzunguka juu ya soko la Kenyatta, akivizia kipande cha nyama cha mtu asiyeangalia. Katika miti ya uani wamo kuzumburu wenye mikia mirefu, na shore mwenye kichwa cheusi, na chozi anyonyaye utamu wa maua. Tena kati ya mwezi wa Oktoba na Aprili hufika wageni kutoka Ulaya na Asia, miongoni mwao mbayuwayu, wakikimbia baridi ya kwao. Nchi ya Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na mamia ya aina hizo wameonekana ndani ya mipaka ya Nairobi.

Kazi ya kuwatazama na kuwaandika si mpya. Chama kinachoitwa leo Nature Kenya kilianzishwa mwaka 1909, na tangu mwaka 1971, kwa juhudi ya Bi. Fleur Ng'weno, watu wamekuwa wakikutana kila Jumatano asubuhi kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi ili kwenda kuwatazama ndege. Kazi hii haihitaji elimu kubwa wala mali nyingi. Daftari na kalamu vyatosha kuanzia: jina la ndege, mahali, siku na saa. Karani ajuaye kutunza hesabu, na mkulima ajuaye majira ya mvua, wote wawili wanayo tayari nusu ya ustadi unaotakiwa.

Lakini mtu akitazama kwa miezi mingi, hukuta jambo ambalo macho ya haraka hayalioni. Ndege wengi hawatagi katika viota vya majani, bali katika matundu ya miti. Wenye kuyatoboa ni wachache: kigogota, mwenye mdomo kama patasi, na zuwakulu, mwenye mdomo mnene, ambaye hutafuta mti mkavu uliolainika. Msimu wao ukiisha huondoka, na ndipo waingiapo wapangaji: goregore, hudihudi, na baadhi ya kwezi. Hondohondo na bundi wahitaji tundu kubwa zaidi, la mti mzee uliooza ndani. Kwa hiyo mti mmoja mkavu, ambao mtu huuona kuwa haufai ila kuni, huenda ukawa nyumba ya jamaa nne au tano kwa miaka mingi.

Hapa ndipo penye hatari. Desturi ya mjini ni kusafisha: tawi likikauka hukatwa, na mti ukifa hung'olewa siku ile ile. Mara nyingine ni haki kufanya hivyo, maana tawi bovu laweza kumwangukia mtoto. Lakini matundu ya karibu nayo yamepungua. Msitu wa Ngong Road, ulio nyuma ya uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zipatazo 2,900. Leo haufikii nusu ya hizo, na barabara kuu ya Southern Bypass imepita ndani yake. Ndege anyimwaye tundu haonekani akilia barabarani. Huimba mwaka huu, huimba mwaka ujao, asitage yai hata moja. Kisha siku moja watu huuliza, Je, yule ndege amekwenda wapi?

Dawa ya kwanza ni kuuacha mti mkavu usimame mahali ambapo hauwezi kumdhuru mtu. Mji waweza kuuhurumia mti ukitaka. Mwezi wa Novemba mwaka 2020 mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way, uliokuwa ukatwe kwa ajili ya barabara, uliachwa kwa amri ya serikali baada ya wananchi kuutetea. Na mbegu za mikuyu huchukuliwa na ndege walao matunda, akiwamo zuwakulu, mpaka mahali mbali. Mti humpa ndege nyumba, naye ndege huupa mti watoto.

Dawa ya pili ni sanduku la kutagia. Wazee waliotundika mizinga ya nyuki mitini hawatalishangaa jambo hili, kwa maana sanduku hili ni mzinga wa ndege tu. Kwa ndege wa kadiri ya kwezi, vipande vya mbao visivyopakwa rangi ndani vyatosha. Tundu la mlango liwe na upana wa sentimita 5 hivi, nalo liwe juu ya sakafu ili makinda wasitoke kabla ya wakati. Sakafu itobolewe matundu madogo ya kupitishia maji, na kifuniko kiteremke mbele kama paa. Kijiti cha kutulia mbele ya mlango hakifai, kwa sababu humsaidia adui. Sanduku litundikwe mita 3 au zaidi kutoka chini, lisielekee jua kali wala upande wa mvua, nalo liwe tayari kabla ya masika ya mwezi wa Machi. Nyuki wakilitangulia, waachwe. Zuwakulu yeye hutaka kutoboa mwenyewe; Afrika Kusini watu humtundikia kipande cha mlingoti wa mkonge, ambao ni laini, naye hujichongea chumba.

Limebaki neno la bundi. Wengi humwogopa, wakisema ya kuwa akilia juu ya paa huleta msiba, nao humpiga mawe. Lakini yule bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hula panya usiku kucha, panya wale wale walao mahindi ghalani. Katika bonde la mto Jordan wakulima wa Israeli walianza miaka ya 1980 kumtundikia masanduku makubwa mashambani, ili wapunguze sumu ya panya. Baadaye wakulima wa Jordan na wa Palestina wakaifuata kazi hiyo, ingawa huko nako bundi alihesabiwa kuwa nuksi. Jambo moja lakini halina budi kukumbukwa: atakaye msaada wa bundi asitege sumu, maana panya aliyekula sumu humwua na yule amlaye.

Basi mwenye ua na mti mmoja asiseme ya kuwa hana la kufanya. Mabaki ya mbao za seremala, misumari michache na alasiri moja ya Jumamosi vyatosha kujenga nyumba. Mpangaji wake hatalipa kodi ya fedha. Atalipa kwa wadudu atakaowala kila siku katika bustani, na kwa sauti yake asubuhi.