Nilijifanya fundi, nikamsikia baba

Jamani, hakuna kinachouma kama kuwa na sauti ya marehemu baba yako halafu usiisikie. Kaseti ninayo, aliirekodi mwenyewe kumpelekea mama salamu. Lakini hata nikifungulia wokmani yangu mpaka mwisho, kwenye hedifoni anasikika kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha tatu.

Basi mwenzenu nikajifanya fundi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua aisii ya NE5532, ile ya miguu minane yenye amplifaya mbili ndani: moja ya sikio la kushoto, nyingine la kulia. Nikachukua na betri mbili za volti 9. Kila upande unataka rezista ya omu 10,000 na ya omu 1,000. Ukizipanga sawasawa sauti inakuzwa mara 11. Nikalehemu usiku kucha.

Nikawasha. Kimya! Kugusa aisii, ya moto kama kaa. Kumbe nimeichomeka kinyume, wakati ina alama kabisa ya kuonyesha mguu wa kwanza uko wapi. Ndiyo imekufa hiyo. Nikanunua nyingine.

Safari hii baba akaja. Ila amplifaya haichagui, ndugu yangu: na mikwaruzo ya kaseti nayo ilikuzwa mara 11. Katikati ya mikwaruzo hiyo, kabla hajaanza salamu, nikamsikia anamwuliza mtu: "Mtoto kalala?"

Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Nikamvalisha mama hedifoni, nikatoka nje.